Chipu Iliyofichwa Mfukoni

Juzi nilikuwa gereji moja hapa Babati nikisubiri pikipiki yangu, akaingia dereva na lori lake la mahindi.

"Shikamoo, fundi. Nataka sevisi tu."

"Marahaba." Fundi, mtu mzima, akainamia injini, kisha akashika waya uliochubuka. "Hapa palifungwa chipu ya kuongeza nguvu. Iko wapi?"

"Sina, mzee."

"Mwanangu, nikipima bila hiyo chipu, kompyuta itasema injini ni nzima. Halafu wewe utairudisha ukishatoka hapa."

Dereva akajifuta uso. "Jana lori lilizima mlimani, likarudi nyuma. Mke wangu alikuwa pembeni yangu, na ana mimba."

"Sasa kwa nini unanificha?"

"Niliogopa utanigombeza."

Akatoa mfukoni kijisanduku cheusi, akakiweka kiganjani kwa fundi. Fundi hakumgombeza. Alikifunga tena kwenye injini, akapima upya, akakuta nozeli mbili za kupulizia mafuta zimeungua. Dereva akamwambia akitoe, asimrudishie tena.

Niliondoka nikimfikiria yule mama mjamzito. Mumewe alikuwa ameuona mlima ukimrudisha nyuma, na bado aliyemwogopa zaidi alikuwa fundi.