Mtungi wa Mama kwenye Mashine ya Mpunga

Nilimnunulia mama mtungi wa gesi kwa sababu ya kifua chake. Miaka yote alikuwa akipikia kuni, na kila masika, kuni zikilowa, alikohoa mpaka akakaa chini. Siku ya kwanza aliwasha jiko, akalizima, akaliwasha tena, huku akicheka peke yake.

Furaha hiyo ilidumu wiki tatu. Baba ana mashine ya kukoboa mpunga pale Bondeni, na injini yake ya dizeli ni kuukuu. Ikiwashwa, majirani huanua nguo kambani. Fundi mmoja aliyerudi kutoka Malawi akamwambia kwamba ukiingiza gesi kidogo kwenye njia ya hewa, injini hunywa dizeli kidogo na moshi mweusi hukoma. Baba si mtu wa kuambiwa jambo mara mbili, hasa likiwa la kipuuzi. Siku ile ile aliufunga mtungi wa mama kwenye baiskeli, akaenda nao mashineni, akaunganisha mpira kwa waya.

Dizeli aliipima kwa kijiti, asubuhi na jioni, na kila mteja alionyeshwa alama. Mama mmoja wa Ndandalo, aliyeleta magunia mawili, akamuuliza gesi nayo huipima kwa kijiti gani. Baba akamwonea huruma. Gesi, alisema, imetoka nyumbani. Kwetu kitu cha nyumbani hakina hesabu: ndizi za nyuma ya nyumba, maji ya kisima, jasho la mke.

Nilipokwenda kuwasalimu, baba alinipitisha kwanza mashineni nikalione bomba la moshi. Nilikuwa nimekasirika, lakini sikuweza kubisha: moshi mweusi haukuwepo. Tulipofika nyumbani tukakuta jiko linafuka mpaka juu ya migomba, na mama yumo ndani anakohoa, anapuliza kuni mbichi. Baba akauliza, kwa mshangao wa kweli, moshi wote huu umetoka wapi.

"Ni ule wa mashine yako," mama akasema. "Umehamia kwangu."

Kesho yake baba aliurudisha mtungi mwenyewe, kwa baiskeli ile ile, akauweka taratibu mlangoni mwa jiko. Mama aliunyanyua kwa mkono mmoja, ukanyanyuka kirahisi mno. Akasema, "Ndaga, baba," shukrani kamili ya Kinyakyusa, akausogeza pembeni, kisha akainama tena kupuliza moto.