Kuoga Mwaka Kwenye Maji Yaliyotulia

Kwetu Nguvumali, miaka ile ya hamsini, siku ya kuoga mwaka, kuukaribisha mwaka mpya kwa maji ya bahari, haikuwa na udhuru. Uwe na homa, uwe na wageni, uwe umenuniana na mumeo, baharini utaingia. Nyumbani kwetu tulikuwa na sharti la ziada tulilorithi kwa bibi: kuzama mara saba, kichwa na vyote, macho umeyafumba, uso umeuelekeza bahari kuu. Ukizama sita, mwaka wako una tundu. Ukizama nane, umejitakia makubwa.

Nililipenda sharti hilo kwa sababu lina hesabu ndani yake. Nilikuwa nikitembeza kanga mitaani, na katika kazi ile asiyehesabu mara mbili hurudi nyumbani amebakiwa na aliyoivaa.

Mwaka huo kaka yangu alikuwa ndiyo kwanza ameoa, binti wa Kibondei kutoka upande wa Muheza. Yeye mwenyewe hakupata ruhusa kazini, kwa hiyo akanikabidhi mkewe asubuhi mlangoni.

"Wifi yako anajua mto wa kwao tu. Bahari haijui. Usimwachie mkono."

"Kwani nampeleka Uarabuni? Tunaenda kuoga."

"Nimesema usimwachie mkono."

"Haya. Nimesikia mara mbili."

Tulipanda lori kwa njia ya Horohoro, tukateremka, tukakata kwa miguu hadi ufukwe mmoja upande wa Moa. Watu walikuwa tele. Kulia wanapigwa na mawimbi wanapiga kelele, kushoto vilevile, na katikati palikuwa na kichochoro cha maji yametulia, rangi yake imekoza kidogo, hakuna wimbi linalovunjika wala mtu anayeoga. Kitu kizuri kikiachwa bure sokoni, mwenye akili huuliza kina kasoro gani. Siku hiyo akili niliiacha mchangani pamoja na viatu.

Jirani na hapo mama mmoja mtu mzima alikuwa na mwenzake, wameshika kanga kuukuu huku na huku, wanatanda uduvi, wanavichota vile vikamba vidogo, maji magotini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Maji yameanza kupwa, mwanangu. Ogeni huku kwetu."

"Huko kwenu mawimbi, mama. Huyu mgeni."

"Huyo mgeni ndiye ninayemsemea."

"Mara saba tu, tunatoka."

Alinitazama kama mnunuzi anayetazama samaki wa jana, akarudi kwenye uduvi wake.

Tuliingia hadi kifuani, mkono wake mkononi mwangu. Tukazama, tukaibuka, tukazama. Mtu anayezama na kuibuka amefumba macho hajui kama bado yupo pale aliposimama. Mimi sikujua. Nilikuwa nahesabu.

"Saba!" akasema wifi, anacheka, anatema chumvi. "Tumemaliza."

"Sita."

"Saba, wifi. Nimehesabu kwa Kibondei."

"Kwa Kibondei huenda ni saba. Kwa hesabu za watu ni sita."

Nikauachia mkono wake, nikanyanyua vidole nimwoneshe. Nilipofika kidole cha tatu alikuwa mbali nami hatua mbili. Nikadhani amekasirika.

"Wifi, usisuse! Rudi tumalize!"

"Sisusi! Maji yananipeleka! Miguu haigusi!"

Akageukia pwani akaanza kupiga maji kwa nguvu zake zote, na kadiri alivyopiga ndivyo uso wake ulivyozidi kuwa mdogo. Hapo nikaanza kuongea na Mungu kwa lugha ninayoijua. Nikamwahidi kufunga siku tatu. Kichwa kikazama. Nikapandisha hadi kumi.

Nilijitupa mbele nimfuate, mtu akanidaka kanga kwa nyuma. Alikuwa yule mama wa uduvi, wamefika na mwenzake.

"Unakwenda wapi? Tuje kuvua maiti wawili?" Kisha akapaza sauti, sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya ghuba: "Wee binti! Usije huku! Usishindane na mkondo! Lala chali, uvute pumzi! Kisha kata kando! Kando, kwenye povu!"

Sijui alisikia nini. Nilihesabu kichwa kimoja nyuma ya mawimbi. Nikarudia kuhesabu, hakuna.

"Yuko wapi? Mama, yuko wapi?"

"Nyamaza, nione."

Ikapita muda ambao sina kipimo chake. Kisha mwenzake akanyoosha kidole, mbali kushoto. Mkono wa wifi, halafu bega, halafu wimbi likamfunika na kumsukuma, na jingine, na jingine, hadi likamtupa mchangani kama mzigo. Tulimkuta amepiga magoti anatapika maji.

Yule mama alimgonga mgongoni taratibu, akaniambia bila kunitazama: "Maji yote yanayoruka mwamba wa huko nje yakaingia huku lazima yatoke. Yanatokea pale. Pamechimbika, ndiyo maana wimbi halivunjiki. Penye povu utapigwa, lakini utarudishwa."

Nilimshika wifi mkono, tukarudi kulitafuta lori.

Alasiri kaka aliporudi kutoka kazini alimkuta mkewe barazani, mchanga nywelini, anakohoa.

"Nilivutwa na maji," wifi akasema, basi.

Kaka akanigeukia. Kwa kawaida nina maneno ya kutosha kumuuzia mtu kanga ambayo anayo nyumbani.

"Nilimwachia mkono," nikasema.

"Kwa nini?"

"Tulikuwa tunabishana kama ni sita au saba."

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alimwinua mkewe, akamshika kiwiko, wakaenda uani amwoshe chumvi. Nilibaki barazani nikisikiliza maji yakimwagwa, na kila yalipomwagwa, kikohozi, na kaka akimuuliza polepole kama amwagie tena au aache.