Fundi Aliyelala Jumba la Mjerumani

Ndugu wananchi wa Temeke, mnatangaziwa kwa heshima zote kwamba fundi seremala wa mtaa huu amelala hoteli. Si gesti! Ni lile jumba la Mjerumani lililogeuzwa hoteli ya watalii. Alitengeneza milango yake, mwenye hoteli akampa usiku mmoja bure. Jirani yake Mashaka hali, halali, wivu umemkaba. Mke wa Mashaka, aliyezoea kumwita fundi “we Maranda” kwa takataka za mbao zinazomjaa nguoni, sasa anamwamkia shikamoo. Fundi mwenyewe ni yuleyule: penseli sikioni, kidole gumba kikipapasa kila ubao kama anayepima homa.

“Haya braza, tupe stori,” Mashaka akashindwa kuvumilia. “Kitanda kilikuwaje?”

Fundi akapuliza vumbi kwenye randa.

“Kilikuwa kinalia. Nikakifungua, nikakikaza, kukakucha.”