Bilauri ya Maji Barazani

Tangu tetemeko lile la ardhi lililomfukia mkewe, fundi cherehani wa Bhaktapur, mji wa Nepali, hashonei tena ndani ya nyumba. Huu ni mwaka wa tatu cherehani iko barazani, na kando yake bilauri ya maji asiyokunywa mtu. Kila baada ya mishono michache husimamisha miguu, akayatazama maji kama yanatikisika. Lori likipita, tayari yuko uani, pini mdomoni. "Kaka, hayo maji unayachunga kama mbuzi," humtania muuguzi Rasmita, mteja wake. "Yasije yakatoroka, dada," hujibu.

Jana Rasmita aliiona sindano ikipenya kidole cha fundi. Mwenyewe hakushtuka, macho yalikuwa kwenye bilauri.

"Huo ni ugonjwa wa mshtuko, kaka," alimwambia akimfunga kitambaa. "Unatibika. Njoo zahanati tuzungumze."

"Sina wazimu."

"Nani kasema unao?"

Fundi akauliza: "Zahanati yenu ina ghorofa ngapi juu yake?"

"Mbili."

Akarudi kwenye cherehani.

Leo asubuhi Rasmita alimkuta nje ya lango la zahanati, bilauri mkononi, akizikodolea macho ghorofa zile mbili. Hakumkaribisha ndani. Alibeba viti viwili, akaviweka uani, mbali na kivuli cha jengo.