Mwalimu Sarufi na Fedha Zilizopotea Zenyewe

Mtaani kwao hakuna aliyelijua jina lake la kwenye cheti. Wote walimwita Mwalimu Sarufi, naye hakulikataa jina hilo hata siku moja, maana alikuwa amelitolea jasho. Miaka thelathini na minne alifundisha lugha katika shule ileile, na alipostaafu aliacha chaki lakini tabia hakuiacha. Alisahihisha mabango ya maduka. Alisahihisha risala za harusi huku zikisomwa. Siku moja alisahihisha tangazo la msiba lililobandikwa ukutani, kisha ndipo akaingia ndani kutoa pole.

Aliyeipata joto ya jiwe zaidi ya wote ni mdogo wake wa kike, fundi cherehani. Tangu utotoni Fundi alisema "hii uzi", na tangu utotoni dada yake alimjibu, "Huu uzi." Miaka hamsini mmoja alisema hii, mwingine akasema huu, na uzi wenyewe ukaendelea kupita kwenye tundu la sindano bila kuwasikiliza.

Kisha zikaja hisa. Ni miaka saba sasa tangu kampuni kubwa ya umeme ilipotangaza kwamba kila mwananchi anaweza kuwa mmiliki. Mwalimu alipokea kalenda ya bure yenye picha ya mtambo mpya unaong'aa, akaiangalia wiki nzima, akakichukua kiinua mgongo chake chote akanunua hisa. Angeishia hapo, yangekuwa yake peke yake. Lakini mchuma janga hula na wa kwao. Fundi wakati huo alikuwa na chumba cha kupanga karibu na soko, vyerehani vitatu, na wasichana wawili aliowaajiri. Kila asubuhi Mwalimu alipita pale kabla wateja hawajaanza kuja, akaketi na kikombe chake cha chai, akamweleza maana ya gawio, ile faida wanayogawiwa wenye hisa. Hatimaye Fundi aliuza vyerehani viwili, akarudisha ufunguo wa chumba, akanunua hisa.

Mwaka uliofuata ikajulikana kwamba ule mtambo unaong'aa ulikuwa umelipiwa mara tatu, na kwamba makazi yake ya kudumu ni kwenye kalenda. Hisa zikazuiwa: usiuze, usihamishe, usiulize, mpaka uchunguzi ukamilike. Wachunguzi wakaingia kazini, na hadi leo hawajatoka. Wengine wamestaafia humohumo, wakafanyiwa sherehe na zawadi wakapewa.

Fundi akahamia sebuleni kwa dada yake na cherehani kimoja kilichobaki. Kiliwekwa kati ya kochi na kabati la vyombo. Wateja walivulia viatu mlangoni kwa Mwalimu, walipimwa viuno mbele ya televisheni yake, na vipande vya kitambaa vilifuata miguu mpaka jikoni. Mwalimu hakunung'unika. Na Fundi naye hakunung'unika, na hapo ndipo penye tabu.

Walikuwa hawajagombana. Ila siku moja Fundi aliuliza kutoka jikoni, "Mwalimu, chumvi iko wapi?" Mwalimu akangoja kicheko kifuate, maana alidhani anataniwa. Kicheko hakikuja. Tangu siku hiyo neno "dada" halikusikika tena katika nyumba ile. Aliitwa Mwalimu, kama anavyoitwa na muuza mkaa, na kila lilipotamkwa lilimuuma. Akajifariji kwa hesabu moja: siku mwizi atakapotajwa, mdogo wake atapata mtu wa kumkasirikia, na udada utarudi. Kwa hiyo wenzake walipokuwa wakisubiri gawio, yeye alikuwa akisubiri jina.

Badala ya jina zilikuja barua. Kila mwaka moja, yenye nembo ya taa, na kila mwaka ileile: "Wapendwa wanahisa tunasikitika kuwajulisha kwamba hesabu zilivurugika, nyaraka zikachanganyika, na kiasi fulani cha fedha kikapotea. Uchunguzi unaendelea."

Mwalimu alivaa miwani, akachukua kalamu nyekundu.

"Sikiliza huku!" alimwambia Fundi, aliyekuwa akishona wala hasikilizi. "Zilivurugika. Zikachanganyika. Kikapotea. Ukurasa mzima hauna mtu! Hii ni kauli ya kutendeka. Kila mtoto aliyewahi kuvunja kikombe anaijua kabla hajaanza shule: mama, kikombe kimevunjika. Kimevunjika! Kimeruka chenyewe kutoka kabatini!"

"Mm," alijibu Fundi.

"Hata wahenga walijua. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi ukiona vimezama, vimetobolewa. Na mtoboaji ana jina."

Aliizungushia barua duara kila mahali, akaandika pembeni "Na nani?", akaipa alama mbili kwa kumi, moja ya hizo ikiwa ya mwandiko safi, akairudisha kwa posta. Mwaka wa kwanza hakujibiwa. Wa pili hakujibiwa. Mwaka wa nne alipofungua bahasha aliona ajabu: walikuwa wameisahihisha! Akaisoma mara tatu. Walikuwa wameongeza koma aliyowaonyesha baada ya neno "wanahisa". Mengine yote yalibaki yalivyokuwa.

Kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa sita wa uchunguzi walikwenda pamoja, Mwalimu mbele, Fundi nyuma. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki na pazia la kijani lililofunika ukuta usiopakwa rangi. Wanahisa wa zamani walipima hali ya kampuni kwa zawadi za mlangoni. Mwaka wa kwanza walipewa mwavuli. Wa pili fulana, wa tatu kofia, wa nne kalamu, wa tano kalamu isiyoandika. Mwaka huu mlangoni alisimama msichana nadhifu aliyewapa tabasamu.

"Mwakani tutamlipa sisi ndipo atabasamu," alisema mzee mmoja muuza viatu, mwanahisa asiyekosa mkutano hata mmoja. Akaketi nyuma yao.

Mwenyekiti wa bodi alisoma taarifa, na taarifa ilikuwa barua ileile, ila kwa sauti. Maswali yaliporuhusiwa, Mwalimu alikuwa ameshafika kwenye kipaza sauti.

"Mwenyekiti, umesema hesabu zilivurugika. Nani alizivuruga?"

"Mama yangu, kama nilivyosema, kulitokea mvurugiko."

"Hiyo sasa ni nomino. Umelikimbia tendo kabisa."

Ukumbi ukaanza kuamka. Mwenyekiti akatabasamu kama yule msichana wa mlangoni. "Uchunguzi unaendelea, mama."

"Nani anauendeleza? Naye anaitwa nani?"

Watu walipiga makofi, wengine wakapiga viti. Mzee wa viatu alisimama kabisa. Mwalimu alihisi miaka imemtoka mabegani, yuko darasani tena, na kibaya zaidi, alikuwa anafurahia.

Mwenyekiti alifuta miwani yake polepole. Hakufika kwenye kiti kile kwa kuokota. "Mama, sote tumeumia. Hata mimi nimeumia. Lakini tuambizane ukweli, hakuna aliyeshikiwa panga anunue hisa. Wewe mwenyewe ilikuwaje ukanunua?"

"Mimi na mdogo wangu huyu hapa," alisema Mwalimu kwa sauti iliyofika mpaka kwenye pazia, "tulishawishika."

Kisha mzee wa viatu, ambaye alikuwa ameyashika masomo vizuri kuliko alivyotarajiwa, akapaza sauti kutoka nyuma:

"Mlishawishika na nani, Mwalimu? Taja mtenda!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwenyekiti naye alicheka, tena kwa raha zote. Mwalimu alifungua kinywa ajibu. Jibu alikuwa nalo: tangazo la redio, kalenda, mtambo unaong'aa. Hivyo vilimshawishi yeye. Lakini mdogo wake hakusikiliza redio, cherehani kilikuwa kinapiga kelele mno. Kalenda hakuwa nayo. Mdogo wake alishawishiwa na mtu aliyekuwa akiketi mbele yake kila asubuhi na kikombe cha chai.

Nyani haoni kundule. Mwalimu aligeuka akamtazama Fundi. Fundi hakuwa anacheka. Alikuwa ameinamia mkono wa gauni lake, anavuta uzi uliochomoza kwenye mshono, taratibu, kama mtu asiyetarajia kusikia lolote jipya. Kipaza sauti kikahamishiwa kwa bwana mmoja aliyetaka kujua kama chakula cha mchana kimefutwa au kimechelewa tu. Akajibiwa kwamba suala hilo linashughulikiwa.

Walirudi nyumbani. Fundi alikwenda moja kwa moja kwenye cherehani, maana sketi ya mteja ilikuwa inangojewa jioni ile. Mwalimu alibaki amesimama katikati ya sebule, mkoba ungali begani.

"Nilikushawishi," alisema.

Cherehani kikasimama. "Unasemaje?"

"Mimi. Nilikushawishi uuze vyerehani. Wiki tatu, kila asubuhi."

"Ilikuwa wiki nne," alisema Fundi bila kugeuka. "Na siku walipokuja kuvichukua, wewe ndiye uliyewashikia mlango."

"Niliwashikia."

"Nilikwambia moyo wangu hautaki. Ukaniambia niache ushamba."

"Nilikuambia."

Hakutafuta kalenda wala redio ya kujifichia. Aliona haya, haya ya kweli, akaketi kwenye kochi juu ya vipande vya sketi ya mteja, na Fundi hakumfukuza.

Kisha Fundi akakata uzi kwa meno na kuuelekeza kwenye sindano. Akakosa. Akajaribu tena, akakosa, maana macho yake nayo hayakuwa ya zamani. Akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, ncha ya uzi ikining'inia kati ya vidole viwili.

"Haya, dada. Hebu nitungie hii uzi."

Neno "huu" lilimfika Mwalimu mpaka kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza. Akaulowesha uzi, akavaa miwani, akautunga.