Siku Shemine Ilipotea mu Moshi

Kazi yangu ku kiwanja ya ndeke ilikuwa kupima moshi. Batu balikuwa banachekelea: "Tata wa kuchunga moshi, ng'ombe zako zimelala wapi leo?" Bacheke tu! Mu kipwa, wakati mvua imetuacha, pori yote inawaka: benye kutafuta panya, benye makala, benye mashamba, kila muntu na kiberiti yake. Asubuhi nilikuwa natoa karatasi nyeupe mu pompe ndogo ya kunyonya hewa, naangalia namna imekuwa nyeusi. Kisha nauliza bashofere benye kutoka njia ya Fungurume moto iko wapi, natia alama ku karte ya inchi, nafuata upepo na kalamu, nasema moshi itafika saa gani na itainuka saa gani. Kisha naenda ku dirisha: tanki ya maji, munara ya kanisa, na mbali kabisa, shemine ya kiwanda, ile bomba ndefu ya kupandisha moshi. Shemine haionekani, ndeke haishuki, maana itakutana na miti mbele ya kukutana na udongo. Na sheria ilikuwa moja: unasema kile unaona, hapana kile unajua iko pale.

Ile mwaka, moshi ikamukaba binti yetu mudogo. Pumu. Kifua yake ilikuwa inapiga filimbi, midomo imegeuka rangi ya majivu, na dawa ilikuwa imeisha. Munganga akasema: Lubumbashi, leo. Ndeke ikatumwa kumubeba.

Mi sikuweza kukaa. Naenda ku dirisha, narudia ku radio, natoka inje, naingia. Hesabu yangu ilisema moshi itainuka jua ikipasha udongo, lakini ile jua ilikuwa nyekundu na mvivu, niliikasirikia kabisa. Bibi yangu, mama ya mutoto, alisimama ku dirisha na mutoto mu mikono.

Piloti akaita mu radio, namna batu bote balikuwa banaitana ile wakati: "Sitwayen, unaona shemine?" Alikuwa na mafuta ya kuzunguka kidogo tu, kisha arudie kwenye alitoka.

"Iko pale!" bibi yangu akapiga kelele, akanyoosha kidole. "Eh, Maweja, Mungu wetu! Tata, umwambie, mi naiona!"

Nikaangalia. Na mi niliiona, naapa: nyembamba, nyeusi, pale pale ku kidole yake. Roho yangu yote ilitaka ikuwe pale, na hiyo njo iliniogopesha.

"Usishushe ile kidole," nikamwambia. Mu radio nikasema: "Siioni. Zunguka kwanza."

"Unaua mutoto wako!"

Ndeke ilikuwa inalia juu yetu, hatuioni. Mutoto anavuta pumzi moja, tunangoja ingine. Kisha upepo ikasukuma, moshi ikaanza kupasuka: tanki, munara, kisha shemine. Ilikuwa imesimama mbali na kidole yake, kushoto. Kwenye alikuwa anaonyesha hapakuwa kitu.

"Naiona!" nikapiga kelele mu radio. "Shuka, shuka!"

Bibi yangu akaangalia shemine, akaangalia kidole yake. Akaishusha polepole, akaanza kufunga mutoto mu kitenge.

Mutoto alipona, leo yeye mwenyewe ana batoto. Lakini kila kipwa, moshi ikishuka, mama yake anakuja kusimama karibu yangu ku mulango, ananiuliza: "Unaona nini?" Kile yeye anaona, hajaniambia tena.