Ndiyo Moja Kisiwani

Mimi Cití nasema wazi: umbeya ndio ulioniweka hai hapa. Kisiwa kizima tuna wapiga kura kumi na mmoja. Nisipochungulia ya jirani nichungulie ya nani, ya kondoo?

Kura ni siri, wanasema watu wa bara. Huku sanduku huletwa na boti ya Feilimí, pamoja na msimamizi na askari, siku chache kabla ya bara kupiga. Wakati wa kuhesabu, huko bara, watu wa vyama vya siasa huegemea ukingo unaowatenga na meza za kuhesabia na kukodolea macho kila sanduku linapomwagwa. Jioni yake kila kijiji kinajulikana kimesema nini.

Mwaka 2008 tuliulizwa kuhusu Mkataba wa Lisbon, ule wa kuzifunga nchi za Ulaya pamoja zaidi, nasi tulishakubaliana: Hapana. Nyavu zetu za samoni zilikuwa zimepigwa marufuku, na hakuna ambaye angetutoa kichwani wazo kwamba amri ile ilitoka Brussels, kwa wakubwa wa Ulaya. Feilimí ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. "Atakayesema Ndiyo," alisema, "akaogelee kwenda bara."

Simu ikaja kutoka kwenye hesabu. Hapana kumi, Ndiyo moja.

Nchi nzima ilikuwa imesema Hapana, lakini kwetu hakuna aliyeshangilia. Tulikuwa tunatazamana. Kisha macho yote yakamwangukia wifi yangu Neansaí, mjane wa kaka yangu, kwa kuwa binti yake ni mkalimani hukohuko Brussels.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema jirani yetu Proinsias, akiwa mezani kwangu, anakunywa chai yangu.

"Una ushahidi?" nikamuuliza.

"Mwanawe anakula mkate wa nani?"

Basi wakamsusa. Salamu zikakatika, na hakuna aliyemkatia udongo wa bondeni, ule tunaoukausha na kuuwasha jikoni badala ya kuni. Mwanamke wa miaka sabini na nne, peke yake, hana moto! Kama angeshindwa na majira ya baridi angepelekwa bara, kwenye nyumba ya wazee, na Neansaí anaogopa nyumba ile kuliko kaburi. Nilichukia, nikawa nampelekea ndoo ya udongo kila siku, mgongo ukiniuma na mdomo ukitukana.

Nikamuuliza, maana sijui kunyamaza. "Wifi, ni wewe?"

"Ningekuwa mimi ningekwambia usoni. Hunijui?"

Namjua. Lakini kama si yeye, ni nani? Jambo hilo lilininyima usingizi. Nilimchunguza Proinsias, nikamchunguza mkewe, nikamchunguza hata mume wangu, ambaye alinuna juma zima.

Jibu nililipata botini. Nilishangaa kuona Neansaí, ambaye Feilimí hakuwa akimsalimu, kila safari akikaa karibu na usukani na kuropoka mfululizo: leo maji yamepwa, mwamba ule umetokeza kushoto, lo, boya limesogea. Nikadhani upweke umemvuruga akili. Halafu nikamwona Feilimí akipapasa kamba iliyokuwa wazi mbele yake.

Tuliposhuka nikamvuta Neansaí kando. "Haoni, sivyo? Naye ndiye aliyetia alama mahali pasipo pake."

"Punguza sauti. Anaona kama mtu aliye kwenye ukungu. Nilikuwa nyuma yake siku ile, nikamwona akipapasa karatasi na kuweka alama kwenye kisanduku cha juu, cha Ndiyo."

"Na wewe unasuswa kwa ajili yake?"

"Boti ndiyo uhai wake, Cití. Serikali ikijua itamnyang'anya leseni."

"Na uhai wako je, mjinga wewe?"

Nilikasirika, ila siri ile niliimeza. Umbeya wangu wote, na hiyo ndiyo iliyonikaa kooni.

Mwaka uliofuata tukaulizwa tena, swali lilelile. Proinsias alisema wataendelea kuuliza mpaka tuchoke. Siku hiyo sote tulikuwa tumebanana kwenye chumba cha shule ya zamani, Neansaí kajitenga dirishani. Feilimí akachukua karatasi yake, akasimama nayo mbele ya msimamizi.

"Sioni," akasema. "Mwaka jana pia sikuona. Sheria inaruhusu mtu anisaidie?"

"Inaruhusu. Unamtaka nani?"

"Neansaí."

Nilimtazama Proinsias, naye alikuwa akitazama viatu vyake. Neansaí alikuja taratibu, machozi yakimlengalenga, akamshika mkono.

"Ungenyamaza tu, mzee," akamwambia. "Askari kasikia. Boti imekwenda."

"Iende," akasema Feilimí, kwa sauti ya kusikika na wote. "Nimechoka kuvushwa na mtu nisiyethubutu kumsalimu."